Zuri Kuliko Lipi?

Mama yangu anaishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashariki ya Uganda, kilomita 7 kutoka mahali lami inapokoma. Wakati wa kiangazi njia ya kufika kwake ni vumbi tupu. Masika yakiingia, udongo huohuo hugeuka utelezi ambao hata mbuzi huukanyaga kwa tahadhari. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili shinikizo la damu lilimpanda. Gari dogo nililolikodi mjini Mbale likakwama kwenye kona ya pili ya kilima, likawa linazungusha magurudumu yake ya mbele pasipo kusogea. Vijana wa kijiji walimbeba mama kwa machela, wakapokezana mabega mpaka kwenye lami. Tuliondoka nyumbani kabla ya alfajiri, tukafika hospitalini saa sita mchana. Alipata nafuu, lakini daktari alimwagiza arudi kupimwa kila mwezi. Siku ile niliazimia kununua gari litakaloweza kufika mlangoni pake.

Mwanachuo, huenda ukajiuliza habari za gari zinaingiaje katika kitabu cha sarufi. Zinaingia kwa sababu mtu anayechagua kati ya vitu viwili anatunga sentensi za ulinganishi tangu asubuhi hadi jioni, na sentensi hizo zikiwa na pengo, pengo hilo hulipwa kwa fedha taslimu. Nilikuwa nimeifundisha mada hii kwa miaka mingi. Nilijua kanuni zake zote. Nilikuwa bado sijaitumia kwa jambo ambalo kukosea kwake kungeniumiza.

Tukumbushane kwanza misingi. Kivumishi cha Kiswahili hakibadiliki umbo ili kuonyesha kuzidi. Kiingereza huongeza kiambishi mwishoni mwa kivumishi. Sisi husema “gari kubwa” na kivumishi kikabaki “kubwa” hata gari hilo lizidi mengine yote ulimwenguni. Kazi ya kuonyesha kuzidi hufanywa na maneno mengine: kuliko, kupita, kushinda, kuzidi, zaidi ya. Neno kuliko lenyewe, ukilichambua, lina ku- ya mahali, -li- ya kitenzi cha kuwa, na -ko ya urejeshi wa mahali. Kwa asili yake, basi, “gari hili ni kubwa kuliko lile” ni kama kusema kwamba hili ni kubwa pale lilipo lile. Hayo mawili husimamishwa pamoja, bega kwa bega, ndipo yapimwe.

Kutokana na umbo hilo, ulinganishi uliokamilika una viungo vitatu: kinacholinganishwa, kinacholinganishwa nacho, na kigezo cha kuvilinganishia. Kiungo cha tatu mara nyingi huja na kihusishi kwa: linalizidi lile kwa nguvu, kwa bei, kwa wepesi wa kupata vipuri. Shikilia viungo hivyo vitatu, maana nitavirejea.

Mimi na mke wangu tulikuwa na akiba ya shilingi milioni 22. Chama cha akiba na mikopo cha walimu kilikubali kutukopesha milioni 13, zikatwe kwenye mshahara wangu kwa miaka 3. Jumla ilikuwa milioni 35, na nyuma yake hapakuwa na kitu, kwa kuwa mtoto wetu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari iliyofuata. Gari jipya kutoka kiwandani lilikuwa nje ya uwezo wetu. Tulichoweza kununua ni gari lililotumika Japani, likapakiwa melini hadi bandari ya Mombasa, kisha likaletwa Kampala. Magari ya huko hutufaa kwa sababu Wajapani, kama sisi, Wakenya na Watanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, kwa hiyo hesabu yao ni nyingine. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Gari la bei tuliyoimudu lilikuwa karibu na ukomo huo.

Baada ya kuuliza kwa marafiki na mafundi, tulibaki na majina mawili: Toyota RAV4 na Suzuki Escudo. Yote mawili ni magari madogo yenye kimo cha juu, yana viti vitano, yanatumia petroli, na hubeba gurudumu la akiba kwenye mlango wa nyuma. Escudo lilianza kuuzwa mwaka 1988, na RAV4 mwaka 1994. Tuliyokuwa tukiyatafuta ni ya kizazi cha tatu, kilichoanza mwaka 2005. Utaona kwamba nayapatanisha majina hayo na ngeli ya neno gari, yaani li-/ya-. Wanafunzi wetu hupenda kusema “gari hii ni mzuri kuliko ile”, na kosa hilo utalisikia kila siku barabarani. Darasani lisahihishe: gari hili ni zuri kuliko lile, magari haya ni mazuri kuliko yale.

Yadi za magari, ambazo watu wa Kampala huziita bondi, zimejipanga kwa wingi kando ya barabara ya kwenda Jinja. Katika bondi ya kwanza nilipokewa na dalali aliyekulia Busia, mji wa mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kama maji. Alinipeleka moja kwa moja kwenye RAV4 la rangi ya fedha, lililooshwa likang'aa.

“Mwalimu,” akasema, “hili ni bora zaidi.”

“Zaidi ya lipi?” nikamwuliza.

Akacheka. “Zaidi ya yote, mwalimu.”

“Kwa jambo gani?”

Hapo alinyamaza kidogo, akaufungua mlango, akanionyesha redio.

Simdharau dalali yule. Alikuwa akitafuta riziki yake. Lakini zingatia sarufi yake. Sentensi ya kwanza ilikuwa na kiungo kimoja tu. Nilipomwuliza, aliongeza cha pili kwa kutumia yote, neno linalofunga mlango wa maswali kwa sababu hakuna mtu awezaye kuyakagua magari yote. Kiungo cha tatu hakukitaja kamwe. Zaidi likiachwa peke yake mwishoni mwa sentensi huacha nafasi tupu, na msikilizaji hujazia mwenyewe kile anachokitamani. Mimi nilikuwa nimejazia kilima cha mama yangu. Nililitazama lile RAV4, nikaliona limekwisha kufika mlangoni pake.

Bei ilikuwa milioni 35 kamili. Dalali alinihimiza nitoe malipo ya awali siku ileile, akisema mteja mwingine alikuwa njiani. Nikakumbuka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikamwomba anipe siku mbili. Niliporudi nilikuja na fundi kutoka Mbale, mtu wa maneno machache ambaye amelala chini ya magari kwa zaidi ya miaka 20.

Fundi hakuitazama rangi. Alifungua boneti, akasoma kibati kilichopigwa chapa ya namba ya aina ya gari, kisha akatandaza gunia na kuingia chini kwa upande wa nyuma. Alipotoka alisema, “Mwalimu, hili halina difu ya nyuma.”

Sikuelewa. Akanieleza kwa subira. Kibatini paliandikwa ACA36W. RAV4 la kizazi kile ambalo injini yake inaweza kusukuma magurudumu yote manne huandikwa ACA31W. Lenye 36 husukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, kwa hiyo halina haja ya difu nyuma. Tarakimu 4 iliyo katika jina la gari hilo ilitokana na magurudumu manne yanayosukumwa, lakini baadaye jina lilibaki hata kwa matoleo yanayosukumwa na mawili. Kwa maneno mengine, nilikuwa karibu kulipa milioni 35 ili ninunue gari la kukwama kwenye kona ileile ya pili, kwa namna ileile lilivyokwama la kukodi.

Wewe unayejiandaa kufundisha viambishi utaitambua hali hiyo mara moja. Nitapanda na sitapanda hutofautiana kwa silabi moja tu mwanzoni, na maana zake zinapingana kabisa. Katika namba ya gari, 1 na 6 zilikuwa na kazi hiyohiyo. Dalali hakunidanganya, kwa sababu hakuwahi kusema kwamba gari lile lina nguvu katika magurudumu yote. Nilijidanganya mwenyewe kwa kuikamilisha sentensi yake bila kumwuliza.

Katika bondi nyingine tulipata RAV4 lenye namba ya ACA31W. Bei yake ilikuwa milioni 39. Jirani yake palikuwa na Escudo la injini ya lita 2, kwa milioni 31. Sasa ulinganishi ulikuwa wa haki: yote mawili yangeweza kusukuma magurudumu manne, umri wao ulikaribiana, na fundi aliyakagua yote mawili. Usiku ule tulikaa mezani, mimi na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati. Alichora jedwali. Nami niliweka sharti moja: hakuna sentensi itakayoingia humo ikiwa imepungukiwa na kiungo.

Sentensi zilikuja hivi. RAV4 ni ghali kuliko Escudo kwa milioni 8. Injini ya RAV4 ni kubwa kuliko ya Escudo, kwa kuwa moja ina sentimita za ujazo 2,362 na nyingine 1,995. Hata hivyo Escudo halitumii petroli kidogo kama udogo wa injini yake unavyodokeza, kwa sababu magurudumu yake yote manne husukumwa wakati wote, ilhali RAV4 hutumia ya mbele katika safari ya kawaida na kuyaamsha ya nyuma pale tu penye utelezi. Mwenzetu mmoja chuoni mwenye RAV4 alituambia hupata karibu kilomita 10 kwa lita moja katika safari ndefu. Mwingine mwenye Escudo hupata 9. Vipuri vya RAV4 hupatikana kwa wepesi kuliko vya Escudo katika maduka ya Mbale. Na siku ya kuliuza, RAV4 huenda likapata mnunuzi haraka kuliko mwenzake.

Kisha zikaja za upande wa pili. Escudo lina gia nzito ya kupandia, ambayo RAV4 halina. Kuna kitufe cha mviringo kwenye dashibodi. Ukikizungusha, mwendo hupungua na nguvu ya kuvuta huongezeka, na magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. RAV4 nalo lina kitufe cha kufungia, lakini mwendo ukipita kilomita 40 kwa saa hujifungua lenyewe, na gia ya ziada haipo. Fundi alikuwa ametufungia maelezo hayo kwa sentensi ambayo ningeipa alama zote: “Kwa lami, RAV4 linalishinda Escudo, kwa kilima chenye matope, Escudo linalishinda RAV4.”

Angalia kitenzi alichokitumia. Wanafunzi wetu wenye asili ya Luganda hukipenda kushinda kupita kuliko, kwa kuwa lugha yao hulinganisha kwa kitenzi kusinga, chenye maana ya kushinda au kuzidi. Usiwakataze. Kushinda na kupita ni Kiswahili safi katika ulinganishi. Wafundishe tu kwamba kitenzi kikipewa viambishi vya nafsi na mtendwa, kama katika linalishinda, havina budi kupatana na ngeli za nomino zote mbili. Wapo pia wasemao “zuri zaidi kuliko”. Hilo si kosa la kumfukuzia mtu darasani, ila kuliko peke yake yatosha.

Mke wangu alilisoma jedwali kimya, kisha akaweka kalamu chini.

“Baba watoto,” akasema, “mwaka una siku 365. Kwa mama tunapanda mara moja kwa mwezi, na miezi ya matope haizidi sita. Siku nyingine zote gari litakuwa kwenye lami, likiwapeleka watoto shule. Kwa siku nyingi za mwaka, RAV4 ni bora kuliko Escudo.”

Sentensi yake ilikuwa na viungo vyote vitatu, na ilikuwa ya kweli. Sikuwa na la kuikosoa. Nilitaka kusema kwamba alikuwa amekosea, nikatambua kwamba sarufi haikuniruhusu. Tulichokuwa tukigombania hakikuwa gari; tulitofautiana kigezo. Yeye alipima kwa wingi wa siku, mimi nilipima kwa uzito wa siku moja. Jedwali lilikuwa limefanya kazi yake yote, na uamuzi ulikuwa bado haujafanyika. Ulinganishi hukueleza kipi kinazidi kwa jambo lipi. Haukuelezi jambo lipi linazidi mengine kwa umuhimu.

Tulikaa kimya kwa muda. Hatimaye aliuliza swali ambalo mimi, mwalimu wa lugha, nilipaswa kuliuliza tangu mwanzo: “Tukikosea upande mmoja, tutapoteza nini? Na tukikosea upande wa pili?” Tukajibu kwa sauti. Tukinunua Escudo na ikawa tumekosea, tutapoteza petroli na tutangojea vipuri. Tukinunua RAV4 na ikawa tumekosea, tutaongeza deni la milioni 4, na huenda tukakwama kilimani usiku mmoja na mgonjwa ndani. Kiswahili kina maneno maalumu ya kuchagua kati ya hasara mbili: heri, afadhali, bora. Wahenga walisema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Mke wangu akasema, “Afadhali tutumie petroli zaidi,” kisha, kabla sijafungua kinywa, akaongeza huku akitabasamu, “zaidi ya ile ambayo RAV4 lingetumia.” Kitenzi tutumie, utaona, kiko katika hali ya dhamira tegemezi, kama inavyopasa baada ya afadhali.

Tulinunua Escudo. Zile milioni 4 zilizosalia katika bajeti hatukuzila; tuliziweka kwa ajili ya matairi mapya na bushi za mbele ambazo fundi alisema zimechakaa. Wala sitaki ufikiri kwamba uchaguzi huo haukuwa na gharama. Kadiri foleni za mjini zinavyorefuka, ndivyo gari lile linavyokula petroli, na siku mbili kwa wiki huenda chuoni kwa miguu ili kufidia. Mwaka wa kwanza tulingoja kipuri kimoja kwa siku 11, kikiletwa kutoka Kampala. Mke wangu hakusema “nilikwambia”, ingawa alikuwa na haki ya kusema.

Masika yaliyofuata nilikwenda kumchukua mama kwa siku yake ya hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kona ya pili nilisimama, nikazungusha kile kitufe, nikaondoa mguu kwenye breki. Gari lilipanda taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likitetemeka na kuteleza kidogo ubavuni, lakini halikusimama. Majirani wawili miongoni mwa wale waliobeba machela walikuwa kando ya njia na majembe yao. Walinipungia mkono, wakaendelea kulima.

Mama alipanda, akakaa kiti cha mbele, akajifunika shuka lake magotini. Tulipofika kwenye lami sikuweza kujizuia kumwuliza.

“Mama, unalionaje gari hili? Ni zuri?”

Hakulijua jedwali letu wala milioni zetu, na hakuwahi kulisikia jina RAV4. Alitazama nje kwa muda, kisha akanijibu kwa lugha yetu ya nyumbani maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: “Mwanangu, ni zuri kuliko machela.”

Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeliweka gari lile bega kwa bega na gari jingine. Yeye aliliweka bega kwa bega na mbao mbili na blanketi, na mabega ya vijana wanane gizani. Kigezo hakukitaja, kwa kuwa sote wawili tulikijua.

Mwanachuo, utakapofika kufundisha mada hii, usianze na orodha ya kuliko, kupita na kushinda. Walete wanafunzi wako vitu viwili ambavyo familia zao huchagua kati yake: jembe na jembe, simu na simu, shule na shule. Waache wazungumze kwanza. Kisha kila anayesema “hiki ni bora zaidi”, mwulize kwa upole: zaidi ya kipi, na kwa jambo gani?